MikroTik RB5009 au Cisco ASR 920: Ruta Ipi Ipandishwe Mnarani?

Kwa mtoa huduma wa intaneti anayechagua ruta ya mnara wake, RB5009 ya MikroTik, kampuni ya Latvia, haina mpinzani kwa gharama ya ununuzi: leseni ya RouterOS, mfumo endeshi wake, huja na kifaa chenyewe, na OSPF, BGP na MPLS (mbinu za kuelekeza trafiki ya mtandao) zimo ndani, ilhali ASR 920 hudai leseni ya ziada hata kwa kufungua milango ya gigabiti 10. Tofauti hiyo humwezesha mtoa huduma mdogo kuweka ruta ya akiba, na kwa mnara ulio mwendo wa nusu siku, naiona akiba hiyo kuwa bora kuliko mkataba wa matengenezo.

Umeme ndio mtihani wenyewe. RB5009 haina feni na hupokea volti 24 hadi 57 za DC, kwa hiyo huweza kuungwa na betri za volti 48, mradi chaja isivuke kikomo hicho (wengi husahau kupima). ASR 920 ina njia mbili za umeme, lakini hula wati nyingi zaidi, jambo zito panapotegemewa sola.

Katika matunzo, RouterOS hutaka mkono mwangalifu. Udhaifu wa Winbox, programu ya kuisimamia RouterOS, uliofichuliwa mwaka 2018 uliwaumiza walioacha kusasisha. Cisco hung'ara kwenye mnara wa makutano, unaobeba trafiki ya minara mingine na wateja wenye mikataba mikali, iwapo yupo fundi anayeimudu. Kwa mnara wa pembezoni wenye wateja wachache, ni vigumu kuitetea bei yake.