Uzoefu wangu na flashi ya nyimbo za pop zilizopigwa kwa fidla

Mwezi Juni, wakati baridi ya Mbeya imekaza, kamati ya sendofu ya binti wa kaka yangu ilinikabidhi kazi ya kutafuta muziki mtulivu wa kupigwa wageni wakiwa mezani. Nililipa shilingi 15,000 kwenye kibanda kimoja cha nyimbo huko Mwanjelwa, nikapewa flashi iliyojaa nyimbo za pop za Marekani na Uingereza zilizopigwa kwa fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo) na selo (ndugu yao mkubwa mwenye sauti nzito), bila mwimbaji. Nyingi zilikuwa za Vitamin String Quartet, kundi la Los Angeles lililoanza kazi hiyo mwaka 1999 na ambalo watu wengi walilisikia kwa mara ya kwanza katika tamthilia ya Bridgerton, mwaka 2020.

Kasoro ya kwanza niliigundua nyumbani: hakuna wimbo hata mmoja uliokuwa na jina, yote iliandikwa namba tu. Kasoro hiyo ndiyo iliyotupa raha kuliko muziki wenyewe, kwa sababu wiki nzima kabla ya sherehe tulikaa kuzunguka jiko la mkaa tukibashiri kila wimbo ni upi, na aliyekosea alitoka nje kwenye baridi kuongeza kuni za kupikia maji. Mdogo wangu alisema kwamba nyimbo hizi ni kama kijana mtundu aliyepelekwa seminari akarudi likizo anasalimia kwa kuinama: unamfahamu, lakini unasita kumwita kwa jina lake la mtaani.

Kwa upande wa ubora, mengi hutegemea wimbo ulikuwaje tangu awali. Fidla ya kwanza huchukua sauti ya mwimbaji, fidla ya pili na viola hujaza katikati, selo hubeba besi. Kiitikio chenye kupanda na kushuka hupendeza sana, pengine kuliko asili yake. Lakini beti ambazo mwimbaji anaongea tu juu ya noti moja humlazimisha mpiga fidla kuirudia noti hiyo hiyo, na matokeo yake ni kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Hapo tulicheka mpaka chai ikapoa.

Nyimbo chache za mwisho zilikuwa za Apocalyptica, Wafini waliosoma selo katika Chuo cha Sibelius na kutoa albamu yao ya kwanza mwaka 1996, yote ikiwa nyimbo za Metallica, kundi la Marekani la muziki mzito wa magitaa, kwa selo nne. Hizo sikuzipeleka ukumbini. Nilizibakiza kwa ajili yangu, maana selo nne zikikwaruzwa kwa hasira hazimpi mgeni nafasi ya kumeza pilau.

Tahadhari moja kwa atakayenunua: msitumie spika ndogo ya kuchaji. Uzi mzito wa selo hushuka hadi karibu hezi 65 (mitetemo 65 kwa sekunde), yaani sauti nzito sana, na spika ya namna hiyo haifiki huko, kwa hiyo mtabaki na fidla zinazolia kama mbu. Tulipounganisha kwenye spika kubwa za ukumbi, muziki ukawa mwingine kabisa.

Siku ya sendofu, baba mkubwa, ambaye ujanani alipiga tarumbeta katika kanisa la Moravian, alisikia fidla zinaanza taratibu, akavua kofia na kuinamisha kichwa akidhani ni sala ya chakula. Wimbo wenyewe ulikuwa ule wa Ariana Grande wa kuwashukuru wapenzi wake wa zamani mmoja baada ya mwingine. Mdogo wangu alishindwa kujizuia, akamnong'oneza: "Baba mkubwa, hapo dada anawaaga wanaume aliokwisha achana nao." Mzee akarudisha kofia kichwani polepole, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Basi amewaaga kwa heshima." Flashi sasa anayo yeye, na ameniagiza nimwandikie majina ya nyimbo zote.