Fundi anayengoja na fundi anayezunguka

Jumapili, soko la Kibuye, Kisumu. Fundi viatu mmoja amejiinamia kibandani na simu yake, anangoja wateja. Mwenzake anazunguka na sindano na gundi, anawasalimia akina mama wa mboga, anauliza habari za watoto. Akiondoka ana jozi tatu za viatu vya shule begani. Wa kwanza hachoki, nakubali. Lakini nani atamkumbuka?

Bahati nayo humwendea anayeinua macho. Richard Wiseman, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliwapa watu gazeti wahesabu picha. Ndani aliweka maandishi makubwa: acha kuhesabu, zipo 43. Waliojiona wenye bahati waliyaona mapema; waliojiita wenye mkosi wengi waliyapita wakihesabu.

Mimi namfuata anayezunguka, ingawa jua la Kisumu halina huruma.