Uzoefu Wangu na Hifadhi za Kidijitali: Kutafuta Historia ya Vita na ya Nyumbani Nikiwa Kisumu

Kwa mtu anayeishi Kisumu, Kakamega au Nakuru na anayetaka kujua yaliyowapata wazee wake wakati wa vita vikuu, hifadhi za nyaraka zilizowekwa mtandaoni ni msaada mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, mradi ajue namna ya kutafuta na aelewe ni akina nani ambao hawakuandikwa humo. Ninafundisha historia katika shule ya upili iliyo nje kidogo ya mji wa Kisumu, na hifadhi hizi nimezitumia darasani na pia kujibu maswali ya jamaa na majirani. Ninazozieleza hapa ni zile ninazozirudia mara kwa mara.

Iliyonifaa zaidi ni hifadhidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tume hii iliundwa mwaka 1917 na inawakumbuka watu wapatao milioni 1.7 kutoka iliyokuwa himaya ya Uingereza waliokufa katika vita vile viwili. Kutafuta hakulipiwi wala hakudai kujisajili, na kurasa zake ni nyepesi kiasi kwamba simu ya kawaida yenye bando dogo inazifungua bila shida.

Kaka yake nyanya yangu alijiunga na Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, akapelekwa kwenye kikosi cha mizinga, na tangu hapo nyumbani pakabaki maneno matupu kwamba meli yao ilizama wakielekea upande wa India. Hakuna aliyejua jina la meli wala mwaka. Familia ilikuwa imekwisha kumzikia tunda la yago, kama desturi ya Wajaluo inavyotaka mtu anapopotelea mbali na mwili wake usirudi, lakini tarehe ya kuandika haikuwepo. Kwenye kisanduku cha kutafutia nilichagua Vita vya Pili, nikachagua kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, kisha nikaacha nafasi ya jina wazi, kwa kuwa sikujua karani wa jeshi aliliandika vipi. Majina yaliyojitokeza yalikuwa na tarehe moja ileile, 12 Februari 1944, ukurasa baada ya ukurasa. Hiyo ndiyo siku meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilipopigwa topido na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu 1,297, na kundi kubwa kati yao lilikuwa la wapiga mizinga wa Rejimenti ya 301 kutoka Afrika Mashariki. Nilipoyapitia majina yale moja moja nilimkuta, jina lake likiwa na herufi moja tofauti na tunavyoliandika sisi. Palikuwa na namba yake ya jeshi, cheo, kikosi, na safu ambamo jina lake limechongwa katika Mnara wa Afrika Mashariki ulio ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Nilichapisha ukurasa ule na kuupeleka nyumbani, na wajomba zangu wakaandikisha mwaka uliokosekana kwa zaidi ya nusu karne.

Ningependa kila familia yenye swali kama hilo ipate jibu la namna hiyo. Lakini baba wa babu yangu, ambaye alichukuliwa kuwa mpagazi katika Vita vya Kwanza, sijamwona katika hifadhi yoyote niliyoifungua, na sidhani kwamba nitamwona hivi karibuni. Vita vile vilitufikia mapema: Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, na askari wa kuwakabili walitoka huku Kisumu. Baadaye Nyanza ikatoa vijana wengi sana wa kubeba chakula na risasi kwa kichwa hadi ndani ya Tanganyika, wakafa kwa njaa, malaria na kuhara damu kuliko kwa risasi. Waliopanga namna ya kuwakumbuka waliona kwamba mnara mmoja wa jumla ungewatosha. Ndiyo maana sanamu za Barabara ya Kenyatta jijini Nairobi zina maandishi ya Kiswahili yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, bila jina la hata mmoja wao. Mwaka 2021 Tume ilichapisha ripoti iliyokiri jambo hili waziwazi. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi, na tangu wakati huo Tume inatafuta majina katika kumbukumbu zilizosalia. Ninaheshimu ukweli ule. Kwa mtumiaji wa kawaida, hata hivyo, maana yake ni kwamba anayemtafuta askari wa Vita vya Pili ana nafasi nzuri, na anayemtafuta mpagazi wa 1917 asikate tamaa akidhani kwamba mzee wake hakwenda vitani kwa sababu tu jina halionekani.

Kuhusu namna ya kutafuta, nimejifunza kwamba lazima mtu afikiri kama karani wa wakati ule. Eneo letu liliitwa Kavirondo katika karatasi nyingi za kikoloni, na Kisumu yenyewe iliitwa Port Florence reli ilipofika Ziwa Victoria mwaka 1901. Zaidi ya hayo, hadi mwaka 1902 nchi yote hii, pamoja na Nakuru, ilikuwa sehemu ya Uganda, kwa hiyo anayetafuta nyaraka za miaka hiyo chini ya Kenya atatoka mikono mitupu ilhali zimejaa tele upande wa Uganda. Majina ya watu ni magumu zaidi: herufi za mwanzo kama O na A huachwa, w hugeuzwa kuwa u, na mara nyingine kilichoandikwa kuwa jina la ukoo ni jina la chifu au la kijiji. Ninawashauri watu waandike kwanza njia zote ambazo mgeni angeweza kulisikia jina lao, ndipo waanze kutafuta.

Hifadhi ya pili ninayoitegemea ni Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo matoleo yake tangu mwaka 1899 yameskaniwa na yanapatikana bure kupitia Google Books na tovuti ya Kenya Law. Ni chapisho kavu, lakini humo mna mipaka ya miji, matangazo ya ardhi, uteuzi wa maafisa na taarifa za mirathi, yote yakiwa na tarehe isiyobishaniwa. Wazee wawili wanaposhindana kuhusu lini soko fulani lilitangazwa, gazeti lile huwapatanisha.

Kwa upande wa sayansi, tovuti ya African Fossils imenibadilishia somo zima la asili ya binadamu. Mwaka 1948 Mary Leakey aligundua katika kisiwa cha Rusinga fuvu la sokwe wa kale aliyeitwa Proconsul, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita, na fuvu hilo likakaa London miaka mingi kabla ya kurudishwa Kenya. Katika tovuti hii visukuku vya Makavazi ya Kitaifa vimepigwa picha za pande zote, hivyo mwanafunzi anaweza kuligeuza fuvu kwa kidole kwenye kioo cha simu, akaangalia kaakaa kutoka chini, akalinganisha chonge zake na za mtu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waligombania simu moja. Binti mmoja ambaye kwao ni Mbita aliuliza kwa nini hakuwahi kuambiwa nyumbani kwao kwamba kitu kama hicho kilitoka ng'ambo ya maji wanayoyavuka kila siku, na swali lake ni la haki kabisa.

Vilevile nimetumia Aquadocs, hifadhi ya utafiti wa maji na uvuvi ambamo mna machapisho ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya. Ukisoma humo utaona kwamba kupungua kwa ngege, samaki wa asili wa ziwa letu, hakukuanza na mbuta, yaani sangara aliyeletwa baadaye, kama tunavyopenda kusema ufukweni. Nyavu za kisasa ziliingia ziwani mwaka 1905, na uchunguzi uliofanywa na Michael Graham mwaka 1927 na 1928 tayari ulionyesha kwamba ngege wanavuliwa kupita kiasi katika ghuba yetu, akapendekeza macho ya nyavu yasipungue inchi tano. Wavuvi wa Dunga na wa Usenge wanastahili kuyasoma haya kwa lugha wanayoielewa; kwa sasa karibu kila kitu ni Kiingereza kigumu cha wataalamu.

Hapa ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Nyaraka hizi zinatuhusu sisi, lakini zimepangwa kana kwamba msomaji wao yuko Ulaya. Hifadhi moja ya ng'ambo iliniomba malipo ya kadi ya benki kwa pauni ili nipakue kurasa chache za shajara ya kikosi, na haikuwa na njia ya M-Pesa wala punguzo lolote kwa shule; nililazimika kumwomba jamaa aliye nje anilipie. Mambo mengine hayamo mtandaoni kabisa. Faili za kikoloni zilizofichwa Hanslope Park, kituo cha serikali ya Uingereza, ambazo zilifichuliwa mwaka 2011 kwa sababu ya kesi ya wazee wa Mau Mau, sasa zinahifadhiwa Kew, London, na nyingi kati yake lazima uzifuate hukohuko. Mtu wa Siaya anayetaka kujua habari za kambi ya kizuizini ya kisiwa cha Mageta anahitaji nauli ya ndege, ilhali kisiwa chenyewe anakiona akiwa Usenge.

Jambo jingine ni usalama. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na huduma zake, pamoja na mradi wake wa nyaraka zilizo hatarini, zikakatika kwa muda mrefu. Oktoba 2024 zamu ikawa ya Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, ambayo ilizimika kwa siku kadhaa na taarifa za akaunti milioni 31 zikavuja. Tangu hapo sikubali kuacha kitu muhimu mtandaoni tu: nikikiona ninakipakua, ninaandika kilikotoka na tarehe niliyokitoa, na ninaweka nakala kwenye diski ya shule na nyingine nyumbani.

Mfano ninaouona kuwa wa kufuatwa ni ule wa picha za Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alipiga picha nyingi za Wajaluo mwaka 1936, zikakaa Uingereza miongo mingi. Mwaka 2007 zilirudishwa Nyanza kwa maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, zikawekwa mbele ya watu wa vijiji vilevile, na picha zenyewe zinaweza kutazamwa mtandaoni. Mzee anayemtambua baba yake katika picha anatoa habari ambayo hakuna mtaalamu wa Oxford angeweza kuiandika, na hifadhi isiyofika kwa mzee huyo itabaki nusu, hata iwe na kompyuta nzuri namna gani.

Kwa sababu hiyo, mimi na walimu wenzangu wachache tumeanza kurekodi wazee wa Seme na Kisumu Ndogo wakisimulia walichosikia kwa baba zao kuhusu Keya na Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi, kwa Dholuo na kwa Kiswahili. Tunapakia sauti hizo Internet Archive, ambako akaunti ni bure na haihitaji zaidi ya barua pepe. Kila faili tunaiwekea majina ya mahali kwa namna zote yalivyowahi kuandikwa, Kavirondo ikiwemo, ili anayetafuta kwa jina la zamani na anayetafuta kwa la leo wakutane. Mzee huulizwa kwanza kama anaridhia sauti yake isikike na kila mtu, na akikataa tunaiacha kwenye diski ya familia yake. Faili ya sauti ya nusu saa hupakiwa kwa dakika chache ukiwa na mtandao wa shule, ila kwa bando la simu ni afadhali usubiri usiku. Walio Bungoma, Kericho au Nakuru wanaweza kuanza wiki hii kwa simu waliyo nayo mfukoni. Wazee waliosikia habari za Vita vya Kwanza kwa vinywa vya waliokuwamo sasa wamepita miaka themanini.