Mara tatu taifodi, kumbe kichocho

Jamani, nina hasira. Karibu mwaka mzima tumbo linanikata, naharisha, na wiki nyingine choo kinatoka na damu na makamasi. Nimekwenda mara tatu kwenye kliniki moja hapa Mwanza mjini. Vigae vinang'aa, hela wanajua kupokea. Mara ya kwanza, taifodi. Ya pili, taifodi na amiba.

Ya tatu ndiyo siisahau. Dokta yuko kwenye simu, hajainua hata macho. Nikamwambia, "Dokta, damu bado inatoka." Akajibu, "Hiyo taifodi haijaisha. Dada, meza dawa, punguza pilipili na mawazo." Mawazo! Mtu anatoka damu anaambiwa mawazo.

Dada yangu akanipeleka hospitali ya serikali. Mzee wa maabara, hata kikontena hajakipokea, akaniuliza, "Mwanangu, umekulia wapi?" Nikasema Ukerewe, na mpaka leo nikienda nyumbani nafua na kuoga ziwani. Akatikisa kichwa. Baadaye akaniita nichungulie kwenye hadubini: yai refu, lina mwiba ubavuni. Kichocho cha tumbo. Akanieleza kwamba minyoo inakaa kwenye mishipa ya damu na kutaga kila siku. Mayai mengine yanatoka na choo, mengine yananasa kwenye ukuta wa utumbo, na hayo ndiyo yanayouvimbisha. Sasa dawa ya taifodi ingemfanya nini mnyoo wa aina hiyo?

Nina kilo 60, nikapewa prazikwanteli vidonge 4 vya miligramu 600, vikubwa, vichungu, nimeze nikiwa nimekula. Kichefuchefu cha siku ile acha tu. Baada ya wiki chache damu ikakata.

Niseme haki: manesi wa kliniki ile ni wapole, na choo walinipima ile mara ya pili. Huenda mayai hayakuonekana. Mzee mwenyewe aliniambia choo cha siku moja kinaweza kukosa, ndiyo maana alitaka cha siku mbili. Nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota mbili. Lakini hapana. Mwanza hii, ziwa liko mlangoni, naenda mara tatu na hakuna hata mmoja aliyeniuliza naoga wapi! Hata nyota moja sitoi.

Kesho nampeleka mwanangu akapimwe. Kule ziwani nilikuwa naoga naye.