setuptools-scm: tagi za Git zinapokuandikia namba ya toleo

Mradi wa Python wenye namba ya toleo ndani ya `pyproject.toml`, tena `__init__.py`, tena `docs/conf.py`, haukawii kuwa na namba tatu zinazopingana. setuptools-scm, zana ya nyongeza ya setuptools (mjenzi wa vifurushi vya Python), huzifuta zote na kusoma namba moja kutoka tagi za Git (au Mercurial), yaani majina yanayobandikwa kwenye komiti, kifurushi kinapojengwa.

Kuiweka ni rahisi. Ongeza `setuptools-scm>=8` kwenye `requires` ya `[build-system]` ndani ya `pyproject.toml`, badilisha mstari wa `version` uwe `dynamic = ["version"]`, kisha andika `[tool.setuptools_scm]`. Katika toleo la 8 kichwa hicho ndicho kinachoiwasha, hata kikiwa kitupu. Pima kwa `python -m setuptools_scm`.

Ukiwa juu ya tagi `v1.4.2` na hakuna faili iliyoguswa, unapata `1.4.2`. Komiti tatu mbele inakuwa `1.4.3.dev3+g1a2b3c4`. Inaruka hadi 1.4.3 kwa sababu kwa PEP 440 (kanuni za Python za namba za matoleo) `dev` hutangulia toleo lake, hivyo `1.4.2.dev3` ingehesabiwa ya zamani kuliko 1.4.2 iliyokwisha kutoka. PyPI, hifadhi ya umma ya vifurushi vya Python, haipokei namba yoyote yenye alama ya `+`, hivyo anayepakia matoleo ya majaribio aweke `local_scheme = "no-local-version"`.

Udhaifu wake mkubwa ni kukosea huku kila kitu kikionekana salama. `actions/checkout`, hatua inayopakua msimbo kwa ujenzi wa kiotomatiki wa GitHub, huchukua komiti moja tu, bila tagi, usipoiambia vingine. Zana haioni tagi, inatoa `0.1.dev1+g…`, onyo linapita kwenye logi na ujenzi unamalizika kwa kijani. Weka `fetch-depth: 0` ili ichukue historia yote na tagi zake. Na kumbuka `git push` ya kawaida haipeleki tagi. Andika `git push origin v1.4.2`.

Kwenye Docker angalau inalia waziwazi: `LookupError`. Ama `.git` imezuiwa na `.dockerignore`, ama picha ya `python:slim` haina git. Usiisakinishe git kwa ajili hii peke yake. Pitisha namba kwa `SETUPTOOLS_SCM_PRETEND_VERSION`.

Jambo wengi hawalitarajii: kila faili inayofuatiliwa na Git huingia kwenye sdist (kifurushi cha msimbo chanzo), pamoja na data nzito za majaribio. Ziondoe kwa `prune` katika `MANIFEST.in`. Ukitumia `version_file`, chaguo linaloandika namba kwenye faili, faili hiyo iingie `.gitignore`, la sivyo kila ujenzi utaichafua hifadhi.

Kwa `pip install -e .`, usakinishaji unaotumia msimbo wako ulipo, namba hubaki ile ya siku ya kusakinisha, basi usiitegemee unapotafuta hitilafu. Wanaojenga kwa Hatchling badala ya setuptools wachukue hatch-vcs, ambayo ndani yake ni injini hii hii. Hifadhi moja yenye vifurushi vingi, kila kimoja na tagi zake, itakudai `tag_regex` na amri yako ya `git describe`. Hapo kuandika namba kwa mkono bado ni nafuu.