Uzoefu wangu na mafunzo ya kuchua misuli ya mbwa nyumbani

Mafunzo niliyoyafuata kwa njia ya intaneti hufundishwa na mtaalamu aliyeko Uingereza, na yamekusudiwa kwa mwenye mbwa anayetaka kutumia mikono yake mwenyewe kumpunguzia mnyama ukakamavu wa misuli. Niliyalipia kwa ajili ya Simba, German Shepherd wetu mzee, baada ya daktari wa mifugo hapa Nyali, Mombasa, kuthibitisha kwamba nyonga zake zimechakaa, kumwandikia dawa na kuniruhusu kumchua.

Somo lililonifaa kuliko yote ni lile linaloeleza jinsi mbwa anavyoubeba mwili wake. Mbwa hana mtulinga unaounganisha bega na kifua kama sisi. Miguu yake ya mbele imeshikamana na kiwiliwili kwa misuli na kano tu, na bado ndiyo inayobeba takriban asilimia 60 ya uzito anaposimama. Nyonga zikiuma, yeye huusogeza uzito mbele zaidi, na misuli ya shingo na mabega ikaelemewa. Ndiyo maana ugonjwa ulikuwa nyongani, lakini misuli migumu kama ubao niliikuta mabegani.

Mikono huanza kwa kutulia juu ya mwili bila kukandamiza, kisha kiganja kizima hutelezeshwa taratibu kufuata mlalo wa manyoya, na misuli ikishapata joto ndipo vidole hukanda; uti wa mgongo wenyewe haukandamizwi kamwe. Mbwa hashikiliwi. Akipiga miayo, akilamba midomo au akigeuza kichwa, huenda anaomba mkono upunguzwe, na akitaka kuondoka huachwa aende. Heshima hiyo kwa mnyama ndiyo iliyonifanya niyaamini mafunzo haya.

Yanaonya pia kwamba mbwa mwenye homa, jeraha bichi au uvimbe asichuliwe. Kwetu Pwani, ambako kupe wanaoeneza magonjwa ya homa ni wengi, onyo hilo lina uzito: mbwa aliyezubaa na kukataa chakula apelekwe kwa daktari kupimwa damu. Wala asipewe ibuprofen, dawa ya maumivu ya binadamu, kwa maana humdhuru tumbo na figo.

Upungufu niliouona ni kwamba mazingira ya nyumbani yamegusiwa kwa ufupi mno. Nyumba nyingi za Mombasa zina sakafu ya vigae, na kila mbwa anapoteleza, misuli iliyochuliwa jana huvutika upya. Nilitandika majamvi kuanzia mlangoni hadi anapolala, na naona yamemsaidia Simba sawasawa na mikono yangu. Joto nalo halikutajwa. Mimi humchua jioni upepo wa bahari unapoanza, kwa sababu mchana huhema tu na hatulii.

Simba hakupona, lakini sasa anainuka bila kuyumba na anapanda ngazi za baraza mwenyewe. Kwa mwenye mbwa mzee ninayapendekeza kwa moyo wote, ilimradi daktari amwone mbwa kwanza. Anayetafuta kazi ya kutibu mbwa wa watu kwa malipo asiyategemee, kwa sababu tiba ya wanyama nchini Kenya inaongozwa na sheria ya mwaka 2011 inayotaka mtoa huduma awe amesajiliwa.