Berlin 1948: Msafara wa Kijeshi au Ndege za Mizigo?
Wasovieti walipofunga barabara na reli za kuingilia Berlin Magharibi, sehemu ya mji iliyoshikiliwa na Marekani, Uingereza na Ufaransa lakini ikizungukwa na eneo la Wasovieti, mnamo Juni 24, 1948, Jenerali Lucius Clay wa Marekani alipendekeza msafara wenye silaha upite kwa nguvu. Ungefika haraka, lakini haki ya kupita nchi kavu haikuwa na mkataba wa maandishi, na risasi moja ingetosha kuwasha vita. Njia za anga, kinyume chake, zilikubaliwa kwa maandishi Novemba 1945, hivyo kuizuia ndege kulimaanisha kuitungua, na lawama ingemwangukia Stalin, kiongozi wa Wasovieti. Gharama ya kupeleka mahitaji kwa ndege ilikuwa kubwa mno, kwani takriban theluthi mbili ya shehena ilikuwa makaa ya mawe, mzigo usiofaa ndege hata kidogo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ndiyo njia iliyostahili kuchaguliwa, na Mei 12, 1949 barabara zikafunguliwa.